Dawa Hii Hushukwa kwa Ngazi, Hairukwi



Wengi wenu mnatujua kwa mashela na magauni ya harusi. Kitambaa mnachagua Darajani au Kariakoo, vipimo mnatutumia kwa simu, na gauni linawarudia limejaa shanga hadi kwenye pindo. Sisi ni mafundi watatu, tuna chumba kimoja cha kushonea hapa Mkonze, Dodoma, upande wa barabara ya Iringa. Leo hatuandiki kuhusu lesi. Tunaandika kuhusu mgongo, vidonge na kopo la unga, kwa sababu tumechoka kuona wanawake wenzetu wakidanganywa na watu wanaoanza udanganyifu wao kwa Bismillahi.

Tuseme neno letu mapema, mwenye haraka asome aende zake. Mwanamke aliyezoea dawa kali ya maumivu anahitaji apunguziwe dozi pole pole, mbele ya daktari, na anahitaji mgongo wake utibiwe. Hahitaji kopo la asidi amino pamoja na maneno "acha vidonge vyote leo". Wala hahitaji kuitwa teja. Anayemwambia aruke kutoka juu, huku amemshikisha kopo la shilingi elfu themanini na tano, hamtibu. Anafanya biashara juu ya mgongo wake.

Ilivyoanza

Nyinyi mnaliona gauni likiwa limevaliwa. Sisi tunaliona likiwa mapajani. Gauni la shanga linamwinamisha fundi wiki nzima, wakati mwingine mbili, shingo imeinama, mguu mmoja kwenye cherehani, kiuno kwenye kigoda cha mbao. Shaaban ikiingia kila mtu anataka kuolewa kabla ya mfungo. Waliochelewa wanasubiri Mfungo Mosi, na hao nao wanataka gauni lao usiku wa Idd. Katika miezi hiyo tulikuwa tunalala saa tatu, tena hapohapo sakafuni juu ya vipande vya vitambaa.

Mwenzetu mmoja, tumwite hivyo tu, alianguka kwenye bodaboda miaka minne iliyopita. Hospitali ilimpa tramadoli, kapsuli kumi. Ilikuwa haki yake, maumivu yalikuwa makali. Hatuna ugomvi na daktari aliyeandika zile kumi. Shida ilikuja kumi zilipokwisha na Shaaban ikawa imefika. Akaenda duka la dawa, akataja jina la dawa. Hakuulizwa cheti. Aliulizwa swali moja tu: "Unataka ngapi?"

Usiku ule alishona mpaka adhana ya alfajiri bila kulalamika hata mara moja. Sisi tulimsifu. Tunaandika hilo bila kulificha: tulimsifu, na msimu uliofuata sisi wawili tuliobaki tulizionja. Mmoja alitapika akaacha. Mwingine alizipenda mno, akajiogopa, akaacha. Mwenzetu hakuacha, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na mgongo mbovu zaidi na watoto wawili wa kulipia ada bila baba.

Miaka mitatu baadaye alikuwa anameza kapsuli nane kwa siku. Kila kapsuli ni miligramu 50, kwa hiyo nane ni miligramu 400, na hapo ndipo kipimo cha juu cha siku kwa mtu mzima kinapoishia. Kadiri dozi inavyopanda, ndivyo hatari ya kuanguka kifafa inavyopanda. Na mgongo? Ulikuwa unauma vilevile. Tofauti ilikuwa kwamba sasa asipomeza, kila kitu kiliuma.

Dawa hii ni kitu gani

Tramadoli ni dawa halali na ina kazi yake. Ilitengenezwa Ujerumani na kampuni ya Grünenthal, ikaingia sokoni mwaka 1977. Wengi wetu tunaichukulia kama ndugu yake Panadol, lakini ukoo wake ni mwingine. Ni wa ukoo wa mofini, kodeini na pethidini, zile dawa zinazoitwa jamii ya afyuni. Ukiimeza, ini hugeuza sehemu yake kuwa kitu kinachoingia kwenye mlango uleule wa ubongo unaofunguliwa na mofini. Juu ya hilo, inaongeza pia serotonini, kemikali ya ubongo inayohusika na hali ya moyo na usingizi. Shikeni neno hilo serotonini, tutalirudia.

Mwili wenyewe Allah ameuumba na dawa zake za maumivu ndani yake. Mwaka 1975 watafiti wawili wa Aberdeen, Uskochi, John Hughes na Hans Kosterlitz, walizitambua baadhi yake, zikaitwa enkefalini. Ukimwagia mlango ule dawa ya nje kila siku, mwili unajipanga upya. Kipimo cha jana hakitoshi leo. Ukiikata dawa ghafla, mwili ambao umeshajipanga kuipokea unalipuka: jasho, baridi na joto kwa pamoja, kuhara, kutapika, miguu isiyotulia, kukosa usingizi, hofu isiyo na sababu. Vijana wa mtaani wanaiita arosto. Arosto haiulizi kama umeipata dawa kwa daktari au uchochoroni, wala haiulizi kama unaswali sala tano.

Kwa hiyo dada, ukimwona mtu katika hali hiyo, usianze na imani yake. Imani yake inaweza kuwa nzima kuliko yako. Ni mwili.

Na jambo jingine ambalo tungependa tungeambiwa mapema. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Marekani uliowafuatilia kwa mwaka mzima wagonjwa 240 wenye maumivu sugu ya mgongo, nyonga au magoti. Nusu walitibiwa kwa dawa za jamii ya afyuni, nusu kwa dawa nyingine za kawaida. Baada ya mwaka, waliotumia afyuni hawakuwa wameshinda kwa kufanya shughuli zao, na madhara waliyapata zaidi. Maana yake, kwa maumivu ya mgongo ya miaka, mwenzetu alikuwa analipa gharama kubwa ya kitu kisichomzidishia kitu.

Kopo

Muuzaji alikuja kwa heshima. Ni mwanamke aliyejistiri kuliko sisi, ana kundi la WhatsApp la kina mama, kila asubuhi anatuma dua kisha picha ya makopo. Alimwambia mwenzetu kwamba ubongo wake umeishiwa malighafi, kwamba tramadoli ni sumu ya wazungu, na kwamba asidi amino zitamjaza upya ndani ya siku saba. Sharti ni moja: aache vidonge vyote siku anayoanza kopo, "dawa na sumu havikai chombo kimoja". Ramadhan ilikuwa inaingia keshokutwa. Akamwambia hiyo ndiyo nafasi, saumu itausafisha mwili.

Tulisoma pembeni ya kopo: glutamini, tirosini, fenilalanini, triptofani. Tuwe waadilifu, si kila alichosema ni uongo. Asidi amino ni kweli zipo na ni kweli mwili unazihitaji. Ndizo mawe ambayo protini yote ya mwili inajengwa kwayo. Enkefalini zenyewe zimejengwa kwa asidi amino, na mwili hutengeneza serotonini kutoka kwenye triptofani. Ni kweli pia kwamba kuna namna moja ya fenilalanini ambayo watafiti waliijaribu miaka ya 1970 na 1980, kwa kutumaini kwamba itazuia enkefalini zisivunjwe haraka. Majaribio yalikuwa madogo na matokeo yakapishana. Hapo ndipo ukweli unapokoma na biashara inapoanza. Kutoka "watu wachache walijaribiwa na matokeo yakapishana" hadi "acha dawa leo, siku saba umepona" ni safari ndefu, na yeye aliivuka kwa hatua moja.

Sasa rudini kwenye serotonini. Tramadoli inaipandisha. Triptofani inatumika kuitengeneza. Mtu ambaye bado ana tramadoli mwilini, au anayeiba kapsuli moja usiku kwa kuwa arosto imemshinda, akinywa juu yake kijiko cha triptofani, anaweza kuzidisha serotonini kupita kiasi. Dalili zake ni kutetemeka, misuli kukakamaa, joto kali, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa, na inaweza kuua. Je, dada wa makopo alilisema hilo? Hakulisema. Tunadhani hakulijua. Basi kama hujui, kwa nini unatibu?

Na wanaosema "ni kitu cha asili, hakina madhara", tunawakumbusha mwaka 1989. Huko Marekani watu walikuwa wananunua vidonge vya triptofani madukani kwa ajili ya usingizi, huzuni na maumivu. Bidhaa kutoka kiwanda kimoja cha Japani zilihusishwa na ugonjwa mpya wa damu na misuli. Zaidi ya watu 1,500 waliugua na zaidi ya 30 wakafariki. Dalili yao kubwa ilikuwa nini? Maumivu makali ya misuli. Walikimbilia kopo waepuke maumivu, kopo likawaletea maumivu.

Usiku wa tatu wa mfungo

Mwenzetu aliacha kapsuli nane kwa mkupuo, akaanza kopo kwa daku. Siku ya kwanza aliswali tarawehe. Siku ya pili alikuwa analowana jasho, anapiga miayo, pua inatiririka. Usiku wa tatu tulimkuta chini ya meza ya kukatia, amejikunja, anatetemeka, amejichafua, anasema kuna watu wanatembea ukutani. Binti yake wa miaka tisa ndiye aliyetupigia simu.

Mtaa ulishaamua: jini. Tukamwita sheikh wa msikiti wa jirani aje kumsomea. Na hapa tunataka mtusikie vizuri, maana wengine watasema tunadharau visomo. Hatudharau. Sheikh alikaa, akasoma, kisha akauliza swali ambalo hakuna mwingine aliyeuliza: "Huyu mama anatumia dawa gani?" Tukamwonyesha pakiti tupu na kopo. Akasema, "Huyu apelekwe hospitali sasa hivi, na saumu yake imesimama mpaka apone." Akatafuta gari yeye mwenyewe.

Mwenye ugonjwa ameruhusiwa kufungua na kulipa siku nyingine. Hilo limo kwenye Qur'an, halikuzuliwa na madaktari. Na Mtume wetu S.A.W. ametufundisha kutafuta tiba, wala hakutufundisha kudhuru nafsi zetu. Kama mzee wa msikiti amelielewa hilo kwa dakika tano, muuza makopo amepata wapi ujasiri wa kugeuza Ramadhan kuwa chumba cha majaribio?

Ngazi

Daktari alitushangaza. Tulitegemea aseme "asiguse tena". Badala yake alimrudishia tramadoli, safari hii kwa cheti na kwa kipimo alichokiandika yeye, mpaka mwili ukatulia. Kisha akaanza kumshusha. Kopo akaliweka kando, akauliza ni nani alilolileta.

Baadaye tulielewa kwamba si upole wake tu, ndivyo inavyotakiwa. Marekani walijifunza kwa machozi. Mwaka 2017 pekee, zaidi ya watu 47,000 walikufa huko kwa kuzidisha dawa na madawa ya jamii ya afyuni. Katika hofu hiyo baadhi ya madaktari wakaanza kuwakatia wagonjwa dawa ghafla, nalo likaleta maafa yake: maumivu yasiyodhibitika, watu kukimbilia heroini, watu kujiua. Mwezi Aprili 2019 mamlaka yao ya dawa ikatoa onyo kwamba wagonjwa waliozizoea wasiachishwe ghafla. Na mwongozo wao wa mwaka 2022 unasema kwamba kwa aliyetumia mwaka mmoja au zaidi, kupunguza kama asilimia 10 kwa mwezi, au pole pole kuliko hapo, ndiko mwili unakokubali vizuri zaidi.

Asilimia 10 kwa mwezi, dada. Pimeni na siku saba za kopo.

Hatutaandika hapa ratiba ya mwenzetu, kwa sababu tunajua kuna mtu ataipiga picha na kuifuata. Yake ni ya kilo zake, ini lake na miaka yake. Tunasema tu kwamba ilimchukua miezi kumi na moja. Mara mbili daktari alisimamisha ngazi, hakumpandisha wala kumshusha, kwa kuwa mtoto alikuwa anaumwa na usingizi umevurugika. Kapsuli za mwisho zilikuwa ngumu kuliko za mwanzo. Sisi tulimtunzia dawa kwenye kisanduku cha vifungo, tunampa ya siku ile tu, kwa ombi lake mwenyewe.

Ngazi peke yake haitoshi, kwa sababu chini ya ngazi mgongo bado upo unamsubiri. Alipelekwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Akafundishwa kuimarisha misuli ya tumbo na mgongo, kila siku, dakika ishirini, baada ya swala ya alfajiri. Tukakitupa kigoda, tukamnunulia kiti chenye mgongo na mto wa kiuno. Meza ya kukatia tukaiinua kwa matofali mpaka ikafika usawa wa kiuno ili asiiname. Kila baada ya dakika arobaini simu inalia, wote tunasimama. Chupa ya maji ya moto usiku. Maumivu hayajaisha, tusiwadanganye. Yamekuwa maumivu ya mtu anayeishi nayo, si mtu anayeishi kwa ajili yake.

Na asidi amino? Anazila. Maharage, kunde, choroko, karanga, mayai, dagaa, maziwa, na nyama ya mbuzi mfuko ukiruhusu. Zote zimejaa hizo asidi amino zilizokuwa kwenye kopo. Mtu aliyedhoofika anahitaji kula vizuri na hilo ni sehemu ya kupona. Lakini sahani ya kunde haijifanyi daktari, wala haikuambii uache dawa. Na kwa elfu themanini na tano unapata kunde za miezi. Nyie wa visiwani mna samaki kila asubuhi, mnataka kopo la nini?

Kwa mnaohusika

Kwako dada wa makopo. Uza chakula cha ziada kama ni halali na kimeruhusiwa, hatukuzuii riziki. Lakini siku unapomwambia mtu aache dawa ya daktari, umeacha kuwa mfanyabiashara. Umejifanya tabibu bila elimu, na mwenye kutibu bila ujuzi hubeba dhima ya anachokiharibu. Hilo linafahamika katika dini yetu tangu zamani. Usitupambie kopo kwa aya. Na kapsuli zako je, umeshauliza gelatini yake imetoka kwa mnyama gani? Maana nyingine hutoka kwa nguruwe, na hili nalo hukulisema.

Kwako mwenye duka la dawa. Tramadoli ni dawa ya cheti. Unajua hivyo, TMDA wanajua kwa huku bara na ZFDA wanajua kwa huko Zanzibar. Ulipouliza "unataka ngapi?" ulikuwa unajua pia. Mteja wako alikuwa anarudi kila wiki akiwa amepungua mwili, na wewe ukawa unamwandalia kabla hajaongea. Huo haukuwa ukarimu.

Kwenu wenye midomo. Mwenzetu alikuwa na posa. Mwanamume mzuri, mjane, wameshakubaliana hadi mahari. Habari za hospitali zikamfikia dada wa mwanamume, neno "teja" likatoka, posa ikavunjika. Hatukuwekei kinyongo, nasibu ni ya Allah. Lakini tuambieni, katika ukoo ule hakuna mama anayemeza vidonge vya mgongo kila siku bila kumwambia mtu? Hakuna shangazi mwenye pakiti chini ya godoro? Neno teja halijamponya yeyote. Limewafundisha wanawake kuficha pakiti vizuri zaidi.

Kwenu mnaosema "mwanamke ni subira". Subira ni ibada, tunaipenda. Ila mnaitaja tu tunapoumwa. Hatujasikia mkiitaja tunapochelewesha gauni. Subira haimaanishi mwanamke aumwe miaka mitatu bila kupelekwa kwa daktari wa mifupa. Mwenzetu alisubiri sana. Alisubiri akiwa na tramadoli kwa sababu hakupewa kitu kingine cha kusubiria.

Na tusije tukageuka upande wa pili tukaziogopa dawa hizi zote. Mgonjwa wa saratani anayelia usiku ana haki ya mofini. Pale Ocean Road, Dar es Salaam, wanaitumia, na Uganda tangu mwaka 1993 shirika la Hospice Africa, lililoanzishwa na Dokta Anne Merriman, limewafundisha watu kutumia mofini ya maji kuwaondolea wagonjwa mateso. Ukimnyima mama yako mofini aliyoandikiwa kwa kuogopa uraibu, umemdhulumu. Ubaya unakuja dawa inapotumika kama taa ya kukeshea kazini.

Kwako bi harusi, na kwetu sisi

Bi harusi, tunakupenda, lakini tunakwambia: gauni la kesho kutwa linashonwa na mgongo wa mtu. Sasa Mkonze hatupokei oda ya shanga iliyo chini ya wiki sita. Mwanzo tulipoteza wateja, na mmoja alitutukana kwa sauti ya WhatsApp ya dakika nne. Hatulali tena sakafuni. Atakayetaka haraka atanunua lililo tayari, na tutamfurahia vilevile. Sisi tuliolipokea kila gauni kwa tamaa na kumsifu mwenzetu kwa kukesha, dhambi yetu tunaijua. Tumemwomba msamaha, akatusamehe kabla hatujamaliza sentensi.

Na kama wewe unayesoma ndiye mwenye pakiti chini ya godoro, haya ni yako:

Usiache leo usiku. Usiache kwa sababu umesoma sisi. Ukiwa unaimeza kila siku kwa wiki nyingi, nenda kwa daktari na pakiti zako zote mkononi, umwambie idadi ya kweli, hata kama ni aibu. Idadi ya uongo itakupa ngazi ya uongo.

Ukiwa mjamzito, usijikatie mwenyewe hata siku moja, kwani kukata ghafla kunaweza kumdhuru mtoto, na mtoto aliyezoea akiwa tumboni anahitaji kuangaliwa akizaliwa. Ukiwa unanyonyesha, mwambie daktari mapema. Tangu mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani imeonya kwamba tramadoli na kodeini hazifai kwa mama anayenyonyesha, kwa kuwa zinaweza kupunguza pumzi ya mtoto.

Ukiwa unatumia kopo lolote, lipeleke nalo. Ukiwa unatumia dawa za huzuni au za usingizi, zitaje.

Ukiona mambo yamekuzidi, Dodoma kuna Mirembe, hospitali ya taifa ya afya ya akili, na Unguja kuna Kidongo Chekundu. Tunajua majina hayo yanavyotaniwa mitaani. Yataniwe. Mwaka 2011 Muhimbili walipoanza kutoa methadoni kwa walionaswa na heroini, watu walicheka vilevile, na leo wapo mama wenye watoto wanaosoma kwa sababu walipita mlango ule.

Mwenzetu ametusomea haya yote kabla hatujatuma. Alifuta mistari miwili iliyokuwa inamsifu mno, akaongeza mmoja: kwamba mwaka huu alilipa siku zake zote za Ramadhan alizokula, na siku ya mwisho alifuturu kwa uji wa uwele na kunde, akiwa ameketi kwenye kiti chenye mgongo.

Allah awaponye wenye maumivu, ya wazi na ya kufichwa, awape waganga wao elimu na uoga wa kumwogopa Yeye, na atujaalie sisi tusifaidike na mateso ya mwenzetu tena. Aamin.

Ni sisi mafundi wenu, Mkonze.